Uvimbe Unaotembea na Pumzi: Kwa Nini Baadhi ya Wagonjwa wa Mionzi Huambiwa Wabane Pumzi

Wanawake wawili wenye saratani ya titi wanatibiwa kwenye mashine moja ya mionzi, wiki moja, na wahudumu walewale. Mmoja anaagizwa avute pumzi ndefu na kuibana kila mionzi inapowashwa. Mwenzake anaambiwa alale, atulie na apumue kama kawaida. Wakikutana kwenye benchi la kusubiria, wa kwanza anahofu kwamba huenda ugonjwa wake umefika pabaya, na wa pili anahofu kwamba amepewa tiba ya nusu. Mara nyingi tofauti yao ni moja tu: wa kwanza ana saratani ya titi la kushoto, wa pili la kulia.

Kwa wagonjwa wa mapafu, ini na kongosho mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Huyu anafungwa mkanda unaobana tumbo, yule anawekewa vipande vidogo vya dhahabu ndani ya ini, na mwingine anawekewa kiboksi cha plastiki juu ya kifua huku kamera ikikitazama. Kisha zinakuja habari za mashine mpya zinazosemekana kuufuata uvimbe wenyewe, na ndugu wa mgonjwa wanaanza kuuliza kama hospitali isiyo na mashine hizo inafaa kitu. Yote hayo yanatokana na tatizo moja. Mwili unaopumua hautulii, ilhali mionzi inahitaji shabaha iliyotulia, au angalau shabaha ambayo mwendo wake unajulikana.

Tuanze na mionzi yenyewe. Inayozungumziwa hapa ni mionzi ya nje: mashine, ambayo siku hizi mara nyingi ni ya aina ya LINAC, hutoa eksirei zenye nguvu kubwa kuliko zile za kupigia picha, na kuzielekeza mwilini kutoka pembe mbalimbali ili zikutane kwenye uvimbe. Eksirei hizo zikipita ndani ya seli huharibu vinasaba vyake. Seli za saratani, ambazo kwa kawaida uwezo wake wa kujikarabati ni hafifu, hufa zinapojaribu kugawanyika, na seli zenye afya zilizo jirani, zikipewa nafasi kati ya kipindi na kipindi, hujirekebisha kwa kiasi kikubwa. Kiasi cha mionzi ambacho mwili umefyonza ndicho dozi, na kipimo chake ni grei, kinachoandikwa Gy. Dozi yote hugawanywa katika vipindi: mgonjwa wa titi anaweza kupewa Gy 40 kwa vipindi 15, na mwenye uvimbe mdogo wa pafu anaweza kupewa Gy 54 kwa vipindi 3 tu. Msomaji aiweke akilini tofauti hiyo, kwa sababu kipindi kimoja cha Gy 18 hakivumilii makosa ambayo kipindi cha Gy 2 na ushei kinaweza kuyavumilia.

Kabla ya kipindi cha kwanza mgonjwa hupigwa picha za CT, yaani picha za eksirei zinazouonyesha mwili kipande kwa kipande, akiwa amelala vilevile atakavyolala siku za tiba. Daktari huuchora uvimbe kwenye picha hizo, pamoja na viungo vinavyopaswa kulindwa, kisha mwanafizikia tiba huhesabu pembe, umbo na nguvu ya kila mwale. Hesabu hiyo ndiyo mpango wa tiba, na mashine huufuata mpango huo kila siku bila kuuliza.

Kinachosogea, na kwa kiasi gani

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mionzi ikiwaka kwa dakika 2, anakuwa amevuta na kutoa pumzi mara 24 hadi 40. Katika kila pumzi kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka na kupanda, na kila kilichokiegemea huenda nacho: sehemu ya chini ya mapafu, ini, figo, wengu, kongosho. Kwa hiyo si kila saratani inahusika. Ubongo hausogezwi na pumzi. Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo inawapeleka wanawake wengi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ina tatizo lake jingine, kwa kuwa kizazi husogezwa zaidi na kibofu kinachojaa na kupungua kuliko na mapafu; ndiyo maana wagonjwa hao huagizwa kunywa maji kwa kipimo kabla ya kuingia, na hakuna anayewaambia wabane pumzi.

Hata ndani ya pafu moja mambo hutofautiana. Uvimbe ulio juu, karibu na bega, unaweza kusogea milimita chache tu, na ule ulio chini karibu na kiwambo unaweza kupanda na kushuka kwa sentimita 1, 2, na mara nyingine zaidi. Watafiti wa Uholanzi na Japani waliochapisha vipimo vyao mwaka 2002 waliona kwamba uvimbe wa sehemu ya chini ya pafu, ikiwa haujashikamana na ukuta wa kifua wala uti wa mgongo, ulisogea wastani wa milimita 12 kutoka juu kwenda chini, ilhali mwendo wa kushoto na kulia, au mbele na nyuma, ulikuwa milimita 2 hivi. Waliona pia jambo ambalo wengi hawalitarajii: karibu nusu ya wagonjwa wao walikuwa na uvimbe ambao haukurudi kwa njia uliyoendea. Ulishuka kwa mkondo mmoja pumzi ilipovutwa, ukapanda kwa mkondo mwingine ilipotoka, na ulikaa muda mrefu zaidi kule juu, mwisho wa kutoa pumzi. Hilo la mwisho tutalirudia.

Fikiria ngalawa iliyotiwa nanga usiku karibu na gati, na mtu aliyesimama gatini akiwa na tochi, ambaye kazi yake ni kuimulika ngalawa hiyo bila kuwaamsha wavuvi waliolala katika ngalawa za jirani. Mawimbi yanaipandisha na kuishusha, lakini kamba ya nanga ina urefu wake, kwa hiyo ngalawa haiendi popote. Mtu huyo ana njia nne. Anaweza kuupanua mwanga hadi ufunike eneo lote ambalo ngalawa inaweza kufika. Anaweza kuifupisha kamba. Anaweza kuiwasha tochi pale tu ngalawa inapopita mbele yake na kuizima inapoondoka. Au anaweza kuuzungusha mkono aifuate. Njia zote zinazotumika hospitalini ni mojawapo ya hizo nne au mchanganyiko wake, na sharti la zote ni kujua kwanza ngalawa inatembea wapi.

Picha ya mara moja haitoshi

Sharti hilo ndilo gumu kuliko yote yanayofuata, na kwa maoni yangu ndilo linalosemwa kidogo kuliko yote, pengine kwa sababu halina mashine ya kuvutia ya kupigwa picha gazetini. Kipimo cha kawaida cha CT huenda haraka. Kikipita kwenye uvimbe katika sekunde ambayo mgonjwa amevuta pumzi, uvimbe utaonekana ukiwa chini. Kikipita ametoa, utaonekana juu. Kikipita katikati, utaonekana umefupishwa au umekatwa vipande. Daktari akichora mpango juu ya picha hiyo, amechora mahali ambapo uvimbe ulikuwepo kwa sekunde moja, na mashine itaheshimu sekunde hiyo kwa wiki zote za tiba.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo wagonjwa hawaelezwi mara nyingi. Kuna kosa linalobadilika kila siku, leo milimita 3 juu, kesho milimita 2 chini, na kosa la namna hiyo likisambaa katika vipindi 15 au 25 huwa linasawazika kwa kiasi fulani: kingo za dozi zinafifia, lakini katikati uvimbe unapata stahili yake. Kuna kosa jingine lililoingia siku ya kupanga, ambalo hurudiwa vilevile, upande uleule, kila kipindi. Hilo halisawaziki. Upande mmoja wa uvimbe unaweza kukosa dozi kamili tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, bila dalili yoyote kwenye chumba cha tiba, kwa sababu mashine imefanya sawasawa kile ilichoagizwa.

Dawa ya kosa hilo ni kipimo kinachoitwa 4D CT, kilichoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mgonjwa analala na kupumua kama kawaida huku mkanda kifuani, au kamera inayotazama kiboksi kilichowekwa juu ya tumbo, ikirekodi kila kupanda na kushuka. Mashine hupiga picha nyingi za kila sehemu ya mwili kwa muda unaotosha pumzi nzima, kisha kompyuta huzipanga kulingana na hatua ya pumzi, kwa kawaida katika mafungu 10. Yakiunganishwa, daktari anaona filamu fupi ya uvimbe ukisafiri, na anaweza kuchora eneo lote unalopitia badala ya sehemu moja. Dhana ya kuliongeza eneo hilo kwenye mpango ilirasmishwa mwaka 1999 katika mwongozo wa kamisheni ya kimataifa inayoshughulikia vipimo vya mionzi, ICRU.

Kipimo hiki kina udhaifu wake. Kinachukulia kwamba pumzi moja inafanana na nyingine, na mtu mwenye hofu, anayekohoa, au mwenye makovu ya kifua kikuu cha zamani, hapumui hivyo. Akivuta pumzi fupi mbili kisha ndefu moja, picha zinachanganyika na uvimbe unaweza kuonekana kama umevunjika. Ndiyo maana mhudumu mzuri hutumia muda kumzoesha mgonjwa kupumua kwa mwendo mmoja kabla ya kuwasha chochote, na muda huo usidhaniwe kuwa ni wa kupoteza.

Pasipo na 4D CT bado kuna la kufanya. Kwa miaka mingi madaktari walipiga CT mbili, moja mgonjwa akiwa amevuta pumzi na nyingine akiwa ametoa, wakachora uvimbe katika zote mbili na kuchukua eneo lililo kati yake. Ni njia ya gharama ndogo, na inashinda kwa mbali ile ya kukisia.

Gharama ya kuupanua mwanga

Swali la kawaida ni hili: kama tunajua uvimbe unasogea, si tuongeze tu ukingo wa usalama kila upande tumalize? Kwa uvimbe usiosogea sana ndivyo inavyofanyika, na ni sahihi. Tatizo ni kwamba ujazo hukua haraka kuliko macho yanavyodhani. Chukua uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 2. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 4 na kidogo. Ongeza ukingo wa nusu sentimita kila upande, kipenyo kinakuwa 3 na ujazo unafika 14. Ongeza ukingo wa sentimita 1 kila upande, kipenyo kinakuwa 4 na ujazo unapita 33, yaani mara 8 ya uvimbe wenyewe. Sehemu 7 kati ya hizo 8 ni pafu lisilo na ugonjwa, ambalo mgonjwa, aghalabu mwenye mapafu yaliyochoka tayari, bado analihitaji. Pafu lililopigwa dozi kubwa katika eneo pana linaweza kuvimba baada ya wiki au miezi, likaleta kikohozi kikavu na kubanwa na pumzi, na baadaye likaacha makovu.

Mwongozo wa mwaka 2006 wa chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, AAPM, ambao bado unarejelewa, uliweka kizingiti rahisi kukumbuka: mwendo ukizidi milimita 5 upande wowote, hospitali ifikirie njia ya kuudhibiti, ikiwa mgonjwa anaweza kuivumilia. Chini ya hapo, ukingo wa kawaida unatosha. Mgonjwa ambaye uvimbe wake unasogea milimita 3 naye hana sababu ya kulalamika kwamba hakubanwa tumbo.

Kufupisha kamba ndiyo njia ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika hospitali ya Karolinska, Stockholm, madaktari walioanzisha tiba ya dozi kubwa kwa vipindi vichache kwa uvimbe wa kifua na tumbo walimlaza mgonjwa ndani ya fremu na kukandamiza tumbo lake kwa bamba, ili kiwambo kisishuke sana na pumzi ziwe fupi. Mikanda na mabamba ya siku hizi yanafanya kazi ileile. Haipendezi kwa mgonjwa, na kwa mtu mnene au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni huenda isifae, lakini ni rahisi kuelewa na haihitaji mashine ya mionzi iliyo tofauti.

Njia ya tatu, ya kuwasha na kuzima, ilianza kuandikwa Japani mwaka 1989. Kamera inatazama alama iliyo juu ya kifua au tumbo, na mionzi inaruhusiwa kupita pale tu pumzi inapofika hatua iliyochaguliwa, ambayo mara nyingi ni mwisho wa kutoa pumzi, kwa sababu ile tuliyoitaja: uvimbe hukaa hapo muda mrefu na hurudi hapohapo kwa uaminifu zaidi. Bei yake ni muda. Ikiwa mionzi inapita kwa theluthi moja tu ya kila pumzi, kipindi cha dakika 2 kinakuwa cha dakika 6.

Lakini alama ya kifuani iko nje, na uvimbe uko ndani. Uhusiano wa viwili hivyo unaweza kubadilika hata ndani ya kipindi kimoja mgonjwa anapotulia na misuli kulegea. Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, kilitatua hilo mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuweka punje ya dhahabu yenye kipenyo cha milimita 2 karibu na uvimbe na kuitazama kwa eksirei mara 30 kila sekunde. Mionzi ya tiba ilipita pale tu punje ilipokuwa ndani ya milimita chache za mahali ilipopangwa. Dhahabu ilichaguliwa kwa kuwa inaonekana vizuri kwenye eksirei na mwili hauigombi. Mgonjwa anayeambiwa atawekewa vipande vya dhahabu asidhani ni dawa. Ni alama tu, haitoi mionzi, na kwa kawaida hubaki mwilini maisha yote bila madhara.

Njia ya nne, kuufuata uvimbe, ndiyo inayovutia waandishi wa habari. CyberKnife, iliyobuniwa na daktari wa upasuaji wa ubongo John Adler wa Stanford, Marekani, ni mashine ndogo ya mionzi iliyofungwa kwenye mkono wa roboti. Licha ya jina lake haikati chochote. Inapiga eksirei kila baada ya muda kuona uvimbe au alama za dhahabu zilipo, inalinganisha na taa ndogo zilizo juu ya kifua, kisha roboti inasogea na pumzi. Kenya inayo mashine ya aina hiyo katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, KUTRRH, Nairobi. Nyingine, zinazounganisha LINAC na MRI, yaani mashine inayopiga picha za mwili kwa sumaku, huutazama uvimbe moja kwa moja bila dhahabu wala eksirei za kupigia picha wakati mionzi inawaka. Utrecht, Uholanzi, ilimtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa mashine kama hiyo mwaka 2017. Ni kazi nzuri, na kwa uvimbe wa kongosho au ini uliozungukwa na utumbo zina manufaa ya kweli. Kwa wagonjwa wengine wengi zinafanya kwa gharama kubwa kile ambacho ukingo uliopimwa vizuri ungekifanya.

Moyo na titi la kushoto

Turudi kwa wale wanawake wawili, maana hapa pumzi inatumika kwa namna tofauti kabisa. Titi lenyewe halisogei sana na pumzi ya kawaida. Kinachotafutwa ni kuuhamisha moyo. Mwanamke akilala chali akipumua kawaida, moyo wake huegemea ukuta wa kifua upande wa kushoto, na mionzi inayopita kwenye titi la kushoto huweza kuukwaruza pamoja na mshipa mkubwa unaopita mbele yake. Akivuta pumzi ndefu, pafu linajaa hewa na kuingia kati, kiwambo kinashuka na kuuvuta moyo chini, na ukuta wa kifua unasogea mbele. Nafasi inafunguka. Akiibana pumzi hiyo kwa sekunde 20 hivi, mionzi inapita, inazimwa, anapumua, anarudia.

Umuhimu wa kuuepusha moyo ulionekana wazi katika utafiti wa mwaka 2013 uliofuatilia kumbukumbu za wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliotibiwa saratani ya titi kwa mionzi. Kila grei 1 ya wastani iliyofika kwenye moyo iliongeza hatari ya matukio makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4, na ongezeko lilianza kuonekana ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Asilimia za namna hii huwatisha watu bure zisipofafanuliwa. Tuseme katika wanawake 1,000 kuna 20 ambao wangepata tatizo la moyo hata bila mionzi. Grei moja inaongeza asilimia 7.4 ya hao 20, yaani mmoja au wawili zaidi katika elfu. Kwa mwanamke mmoja ni hatari ndogo, na faida ya mionzi dhidi ya saratani huizidi kwa kawaida. Ila ni hatari inayoweza kupunguzwa kwa kubana pumzi, na kubana pumzi mara nyingi hupunguza dozi ya moyo kwa nusu hivi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha inapowezekana. Inamhusu hasa mwanamke wa umri mdogo, ambaye ana miaka mingi mbele yake, na yule mwenye shinikizo la damu au kisukari, ambaye moyo wake tayari una mzigo.

Upande wa kulia moyo uko mbali. Huyo mwenzake aliyepumua kawaida hakukosa kitu.

Wengi hudhani kubana pumzi kunahitaji vifaa vya bei. Vifaa vipo: kuna kimoja kilichobuniwa Michigan, Marekani, miaka ya 1990 ambacho hufunga vali ya bomba la kupumulia pumzi inapofika kiwango kilichopangwa, na kuna kamera zinazosoma ngozi ya kifua. Lakini nchini Uingereza utafiti ulioitwa HeartSpare, uliochapishwa mwaka huohuo wa 2013, ulilinganisha kifaa cha vali na njia ambayo mgonjwa anabana pumzi mwenyewe, huku wahudumu wakitazama kwa kamera ya kawaida kama alama zilizochorwa kwenye ngozi zimefika mahali pake chini ya taa ya mashine. Usahihi ulilingana, moyo ulilindwa kwa kiwango kilekile, na njia ya hiari ilichukua muda mfupi na kuwafurahisha wagonjwa zaidi. Kwa hospitali za Afrika Mashariki huo ndio utafiti wa kubandikwa ukutani, kwani ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya faida inapatikana kwa kalamu ya ngozi, kamera, na mhudumu anayezungumza na mgonjwa kwa lugha anayoielewa: “Vuta pumzi, vuta tena, bana.”

Mashine yenyewe ina mipaka yake, na inafaa kuitaja. Ocean Road ilitibu kwa mashine za kobalti, yaani metali inayotoa mionzi yenyewe muda wote, kwa miaka mingi kabla ya kuanza kutumia LINAC mwaka 2018, na mashine za kobalti bado zinafanya kazi katika eneo letu. Chanzo cha kobalti hakizimwi. Hufunikwa na kufunuliwa, jambo linaloifanya njia ya kuwasha na kuzima katika kila pumzi isiwezekane kwa vitendo. Isitoshe, nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na robo hivi, kwa hiyo chanzo kikizeeka kipindi kinarefuka, na pumzi za kubana zinaongezeka. Hata hivyo, mgonjwa aliye mbele ya mashine ya kobalti inayofanya kazi yuko mahali pazuri kuliko aliye kwenye foleni ya roboti. Uganda, ambayo mashine yake pekee ya kobalti iliharibika mwaka 2016 na kuwaacha wagonjwa bila huduma hiyo ndani ya nchi hadi nyingine ilipozinduliwa mwaka 2018, haikuhitaji kuambiwa hilo.

Hofu zinazosikika zaidi

Iliyo kubwa ni ya kukohoa. Mgonjwa anaogopa kwamba akikohoa au pumzi ikimponyoka mionzi itaunguza mahali pengine. Wahudumu wanamtazama kwa kamera muda wote, na mionzi huzimwa kwa kubonyeza kitufe, au hujizima yenyewe pale penye mfumo wa kufuatilia pumzi. Dozi iliyokwisha kutoka imehesabiwa, na kilichobaki huendelezwa akitulia. Sekunde moja ya kikohozi ni sehemu ndogo ya kipindi, na kipindi ni sehemu ya mfululizo. Asiyeweza kubana pumzi kwa sekunde 20 anaweza kupangiwa 12 na kurudia mara nyingi zaidi, na asiyeweza kabisa hupangiwa njia nyingine. Kutoweza hakumnyimi mtu tiba.

Nyingine ni kwamba pumzi anayoitoa mgonjwa baada ya mionzi ina sumu, hivyo asilale na mtoto au asile na wenzake. Eksirei zikizimwa zimekwisha. Hazibaki mwilini, hazitoki na hewa wala jasho. Tahadhari za kukaa mbali na watoto kwa muda zipo kwa wanaomeza iodini yenye mionzi kwa ajili ya tezi shingo, na pengine ndiko hofu hii ilikotoka, lakini ni tiba tofauti.

Kuna pia wanaojizoesha nyumbani kuvuta pumzi kubwa kadiri wanavyoweza, wakiamini kuwa kubwa zaidi ni bora zaidi. Mazoezi yanasaidia sana, ila kinachotakiwa ni pumzi inayorudiwa kwa kiwango kilekile, ya kutosha na ya kustarehesha, kwa kuwa mpango ulitengenezwa juu ya pumzi ya siku ya CT. Anayevuta kubwa zaidi siku ya tiba amelipeleka titi mahali ambapo mpango haulijui, na wahudumu watamsimamisha waanze upya.

Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa hana budi kusema kinachobadilika katikati ya tiba, hata kama hakuulizwa: kikohozi kipya, mafua, maumivu ya mbavu yanayomfanya apumue kwa upande mmoja, uzito uliopungua sana, au tumbo lililoanza kujaa. Maji yaliyokusanyika kifuani yakitolewa baada ya mpango kukamilika, pafu hutanuka na uvimbe unaweza kuhama mahali pake kabisa, na jambo sahihi ni kurudia CT na kuhesabu mpango upya kabla ya kipindi kinachofuata, hata kama mgonjwa atapoteza siku mbili tatu.